Ukurasa wa PR wa GitHub: msimbo unaulinda vizuri, watu umetuachia wenyewe

Kipi kina uzito zaidi katika kazi ya programu, kipaji cha kuandika msimbo au uwezo wa kuishi na watu? Swali hilo hujibiwa kila siku ya kazi kwenye ukurasa mmoja, ukurasa wa PR wa GitHub. PR (pull request) ni ombi la kuunganisha. Msanidi anafungua tawi lake pembeni, yaani nakala ya msimbo ya kufanyia kazi, anaandika, anasukuma kazi kwenye seva, kisha anaomba tawi hilo liunganishwe na tawi kuu. Mwenzake anasoma mabadiliko mstari kwa mstari, anaacha maoni, halafu anaidhinisha au anarudisha. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja, ilianza mwaka 2008, Microsoft wakainunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na kwa timu nyingi ukurasa huu ndio ofisi yenyewe. Mtu anaweza kumaliza mwaka mzima na wenzake wasiomjua sura, wakamjua kwa PR zake tu.

Tumeukagua kama chombo cha kazi kwa maswali mawili. Unasaidia kiasi gani msimbo mbovu usipite? Na unasaidia kiasi gani watu wawili wasiokubaliana wamalize kazi wakiwa bado wanasalimiana? Kwa swali la kwanza tunaupa alama 4.5 kati ya 5. Kwa la pili tunaupa 2.5, na hiyo nusu ni zawadi ya kitu kimoja tutakachokifikia huko mbele.

Upande wa msimbo

Hapa hatuna malalamiko makubwa. Ukiwasha ulinzi wa tawi kuu na kudai PR, hakuna anayesukuma kazi moja kwa moja, mradi sheria hiyo iwafunge na wasimamizi. Unaweza kudai idhini ya mtu 1 hadi 6, na mwenye PR haruhusiwi kujiidhinisha. Faili la CODEOWNERS, ukiliweka ndani ya folda ya .github, linamwita mkaguzi anayehusika bila mtu kukumbuka: mstari mmoja unasema folda ya malipo ni ya timu ya malipo, basi. Majaribio yanaendeshwa na GitHub Actions kila kazi mpya inaposukumwa. Mpango wa bure unakupa dakika 2,000 kwa mwezi kwa repo (hazina za msimbo) za faragha. Repo za wazi kwenye mashine za kawaida za GitHub hazihesabiwi dakika.

Faida ya vitu hivi haiishii kwenye kukamata hitilafu. Kila ambacho mashine inaweza kukisema, mwachie mashine akiseme, kwa sababu mashine ikikwambia umesahau mabano hujisikii kudharauliwa, lakini akikwambia mwenzako mara ya sita kwa wiki moja, unaanza kumwona ana lake jambo. Lugha ya Go ilikuja na programu yake ya kupanga msimbo, gofmt, Python ina Black, JavaScript ina Prettier. Weka kimojawapo kiendeshwe kabla binadamu hajafungua PR, na ugomvi wa nafasi na mabano unakufa siku hiyohiyo.

Tazama kilichowapata Apple Februari 2014, walipolazimika kutoa marekebisho ya dharura ya iOS. Ndani ya msimbo wa kuhakiki usalama wa mawasiliano, amri `goto fail;`, ya kuruka hadi mwisho, ilikuwa imeandikwa mara mbili mfululizo chini ya sharti moja lisilo na mabano. Ya kwanza ilikuwa mali ya sharti. Ya pili ilionekana kama iko ndani, kumbe iko nje, kwa hiyo ilitekelezwa kila mara na uhakiki wa sahihi ya kidijitali haukufika mwisho. Programu ya kupanga msimbo ingeisogeza ya pili kushoto, na jicho lolote lingeshtuka. Macho ya mkaguzi yana kikomo. Ukiyachosha kwa nafasi na mabano, hayatabaki na nguvu ya kuuliza kama hesabu yenyewe ni sahihi.

Kisanduku kitupu cha maelezo

Udhaifu wa kwanza uko juu kabisa ya ukurasa. Kisanduku cha maelezo hakidai chochote. Mtu anaandika neno moja, "marekebisho", anabonyeza, na ombi linakwenda kwa mkaguzi ambaye sasa lazima abuni tatizo lilikuwa nini. Wengi wenye vipaji vikubwa huangukia hapa. Tatizo limewakaa kichwani siku tatu, wanadhani kila mtu analo.

Dawa ni faili moja, `.github/pull_request_template.md`. Ukishaliweka, kila PR mpya inafunguka na maswali yako tayari. Manne yanatosha: tatizo ni nini, umebadilisha nini na umeacha nini makusudi, umejaribu vipi, mkaguzi aanzie wapi. Yakizidi saba watu wanaanza kuyafuta bila kuyasoma. Hivi ndivyo majibu mazuri yanavyoonekana:

"Tatizo: mteja akilipa wakati mtandao unasumbua, malipo yake yanaonekana mara mbili kwenye taarifa. Nilichobadilisha: namba ya muamala sasa hairuhusiwi kujirudia kwenye jedwali la malipo. Rekodi za zamani zilizojirudia sijazigusa, zitakuja kwenye PR nyingine. Nimetuma taarifa ileile mara 5 mfululizo, imeandikwa 1. Anza na faili la kupokea malipo. Mengine yote ni majaribio."

Hayo ni maneno chini ya sitini. Mkaguzi ameshajua asitafute nini, ameshajua swali la rekodi za zamani limefikiriwa, na anajua dakika zake kumi azitumie wapi. Je, huo ni ufundi au ni utu? Huwezi kuandika sentensi ya rekodi za zamani kama hujui jedwali lina nini, na huwezi kukumbuka kuiandika kama humfikirii anayesoma. Ndiyo maana tunakataa mjadala unaovitenganisha hivi viwili kana kwamba mtu anachagua kimoja. Kwenye PR nzuri vinakaa kwenye sentensi ileile.

Ukubwa nao ni suala la adabu kabla halijawa la kiufundi. Utafiti wa SmartBear uliofanywa kwa timu za Cisco ulionyesha kwamba uwezo wa mkaguzi wa kuona kasoro hupungua mabadiliko yakizidi mistari 200 hadi 400. Ukimletea mtu mistari 2,000 atasoma ya mwanzo kwa makini, ya katikati ataipitia juu juu, ya mwisho ataidhinisha kwa imani. Gawa kwa mpangilio huu: PR ya kwanza ibadilishe majina na kuhamisha mafaili tu, bila kugusa tabia ya programu, ya pili ilete tabia mpya, ya tatu ifute msimbo wa zamani. Mafaili yanayozalishwa na mashine yafiche kwa kuyawekea `linguist-generated=true` kwenye faili la .gitattributes, yasimfunike mtu kwa maelfu ya mistari isiyo na mwandishi. Na kama umebadilisha nafasi za pembeni, mwambie mkaguzi aongeze `?w=1` mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa mabadiliko; yatabaki yale yenye maana tu.

Tangu mwaka 2019 kuna pia PR ya rasimu, isiyoweza kuunganishwa mpaka uitangaze kuwa tayari. Itumie mapema. Mficha uchi hazai: anayefungia kazi kwenye kompyuta yake wiki mbili kwa kuona haya, atakuja kuambiwa njia nzima aliyoshika siyo, na hapo uchungu ni wa wote wawili.

Maoni

Ukibonyeza mstari na kuandika, ukurasa unakupa vitufe viwili: kutuma oni hilo sasa hivi peke yake, au kuanzisha ukaguzi na kuyatuma yote pamoja mwishoni. Tumia cha pili karibu kila mara. Cha kwanza kinapeleka arifa kwa kila oni. Ukiwa na maoni 14 mwenzako anapokea arifa 14 ndani ya nusu saa, na ya kumi inapofika ameshajihami. Kuna faida nyingine. Mara nyingi unauliza kitu kwenye faili la pili ambacho jibu lake liko kwenye la tano. Ukiwa umeyashikilia, unalifuta oni kabla halijatoka.

Mwisho wa ukaguzi unachagua moja kati ya matatu: maoni tu, kuidhinisha, au kuomba mabadiliko. La tatu ni zito kuliko linavyoonekana. Kwenye tawi lenye ulinzi linafunga mlango mpaka mkaguzi yuleyule arudi kuidhinisha, au mwenye mamlaka aufute ukaguzi wake. Mkaguzi akilibonyeza Ijumaa jioni na Jumatatu yuko likizo, PR imekwama na aliyeiandika anabaki kutafuta nani amsaidie kupita juu ya mwenzake, jambo ambalo hakuna anayelipenda. Lihifadhi kwa mambo yanayoumiza: fedha, data inayopotea, mlango wa usalama, mabadiliko yatakayovunja programu za wengine. Mwongozo wa ukaguzi ambao Google wameuweka wazi kwa umma unasema mkaguzi aidhinishe pale mabadiliko yanapoifanya afya ya msimbo kwa jumla kuwa bora, hata kama hayajakamilika. Tunakubaliana nao. Mengine yaliyobaki yaandike kama maoni huku ukiidhinisha, na kila lisilo la lazima lianze na neno la kuliashiria. Timu zinazoandika kwa Kiswahili zisitumie "dogo:" kwa maana ya jambo dogo, kwa sababu mwenzako atasoma kama unamwita mtoto. "Hiari:" linatosha na halina tafsiri mbili.

Sasa tulisogelee oni lenyewe. PR inapokea taarifa za malipo ya simu. Mkaguzi ameona kwamba taarifa ikija mara mbili, rekodi zinaandikwa mbili. Anaweza kuandika hivi:

"Umekosea hapa. Kasome kwanza malipo yanavyofanya kazi."

Au hivi:

"Mstari wa 48: seva ya malipo ikikosa jibu letu hutuma tena taarifa ileile. Hapa tunaingiza rekodi bila kuangalia namba ya muamala, kwa hiyo mteja mmoja ataandikiwa malipo mawili. Tukiweka kizuizi cha upekee kwenye safu ya namba ya muamala, na ya pili ikija tukajibu 200 (yaani imepokelewa) bila kuandika, kuna kitu kitaharibika upande wako?"

Oni la kwanza lina ukweli, ila halina kazi ndani yake. Aliyeandikiwa hajui kasoro iko wapi, hajui aanzie wapi kusoma, na kila mwanatimu ameshuhudia akivuliwa nguo. La pili limeonyesha mstari, sababu, madhara, na njia ya kutoka, na linaisha kwa swali ambalo jibu lake mwandishi wa PR pekee ndiye analo. Angalia pia kiambishi. "Unaingiza rekodi" ni shtaka. "Tunaingiza rekodi" ni kasoro ya nyumba yetu. Kiswahili kimetupa uwezo huo wa kubadilisha hali ya hewa kwa herufi moja, na mkaguzi asiyeutumia anajinyima bure. Lakini angalia tena: mkaguzi asiyejua kwamba seva za malipo hurudia kutuma asingeweza kuandika oni la pili hata angekuwa na ulimi wa asali. Angeandika "kazi nzuri" akaidhinisha.

Mkubwa akikosea

Hili linazihusu sana timu za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na popote ambapo mdogo amelelewa asimsahihishe mkubwa mbele za watu. Mkongwe wa timu, yule ambaye kila mtu anamwita mkuu, anafungua PR. Kijana wa miezi minne anapangiwa kuikagua. Anaona hesabu ya kodi inakokotolewa kabla ya punguzo badala ya baada. Ananyamaza na kubonyeza idhini, kwa sababu pengine mkuu anajua asichokijua yeye, na hata kama hajui, nani amwambie? Ukurasa unaandika jina la kijana kama mkaguzi. Hauna namna ya kuonyesha kwamba hofu ndiyo iliyoidhinisha.

GitHub inaweza kusaidia kidogo hapa: kwenye mipangilio ya timu kuna ugawaji wa ukaguzi kwa zamu, ukiwashwa mfumo ndio unaomchagua mkaguzi, kwa hiyo kijana hajipeleki mwenyewe, ametumwa. Kazi kubwa zaidi inabaki kwa mkubwa. Aandike kwenye maelezo: "Naomba uniangalizie mistari ya 30 hadi 60, sina uhakika na mpangilio wa kodi na punguzo." Akiandika hivyo amempa mdogo ruhusa na mahali pa kuitumia. Mdogo naye ana njia ya heshima isiyo ya uongo, nayo ni kuuliza kwa mfano wenye namba: "Mkuu, bidhaa ikiwa ya shilingi 10,000, punguzo asilimia 10, kodi asilimia 18, mimi napata 10,620 na hapa inatoka 10,800. Nimekosea wapi?" Hakuna aliyesahihishwa mbele za watu, namba ndizo zimezungumza. Mkuu anayejibu swali hilo kwa hasira amefundisha timu nzima kunyamaza, na madhara yake yatadumu kuliko hitilafu yoyote aliyowahi kuirekebisha.

Saa za kazi

Wanaofanya kazi na kampuni za Marekani wakiwa Afrika Mashariki wanalijua hili kwa ngozi. Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja jioni kwetu wakati wao wako kiangazi, na saa mbili usiku wakiwa kwenye baridi. Swali moja lisilo kamili linakula siku nzima: unauliza "hii inafanyaje kazi?", wanaamka, wanajibu "ipi?", wewe umelala. PR ya mizunguko mitatu ya namna hiyo imeshakula siku tatu kabla ya mstari mmoja kubadilika. Hapa ndipo mtu wa kawaida anayeandika vizuri anapompita kichwa asiyeandika, tena kwa mbali.

Andika kila swali kama vile hutapata nafasi ya pili. Taja mstari, taja ulichojaribu, toa chaguo mbili, sema utachukua lipi usipojibiwa hadi kesho saa fulani. Salamu zibaki fupi, kwa sababu arifa kwenye simu inaonyesha maneno ya mwanzo tu. Swali likikaa kwenye sentensi ya nne halionekani. Mwongozo huohuo wa Google unaweka siku moja ya kazi kuwa kikomo cha juu cha kumjibu aliyeomba ukaguzi. Kukaa na PR ya mtu siku nne bila neno kunaumiza kuliko maoni makali.

Ile nusu alama

Ni uwezo wa kupendekeza. Ndani ya oni, mkaguzi anaandika kizuizi cha msimbo chenye neno `suggestion` juu yake, anaweka mstari jinsi anavyoona uwe, na mwenye PR anaukubali kwa kubonyeza mara moja. Mabadiliko yanaingia kwenye tawi na mkaguzi anatajwa kama mwandishi mwenza. Kosa la tahajia halihitaji tena sentensi ya kulieleza wala safari ya kurudi kwenye kompyuta. Anayekosoa amefanya kazi ya kurekebisha yeye mwenyewe, na hilo linabadilisha namna ukosoaji unavyopokewa. Usilitumie kwa mabadiliko ya mistari 30 lakini. Hapo unamnyang'anya mtu kazi yake.

Yanayotukera ni haya. Kitufe cha kufunga mjadala hakisemi nani akibonyeze. Mwenye PR akifunga mwenyewe, mkaguzi anahisi amepuuzwa. Akiachiwa mkaguzi, PR inangoja. Kubalianeni kabla: tunapendekeza aliyeuliza ndiye afunge, isipokuwa maoni ya hiari. Kingine ni kusukuma kwa nguvu baada ya kuandika upya historia ya tawi. Maoni yanaondolewa kwenye mistari yake na kuwekwa alama ya kupitwa na wakati, na mkaguzi hawezi tena kuona kwa urahisi kilichobadilika tangu aliposoma. Ukaguzi ukishaanza, ongeza komiti mpya (rekodi ya mabadiliko) juu ya zile za zamani. Mnaweza kuzibana kuwa moja wakati wa kuunganisha.

Upole unapokuwa silaha

Wanaohubiri ustadi wa watu peke yake wakumbuke xz. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya maktaba hiyo ya kubana data yana mlango wa siri. Aliufikia kwa sababu kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akakataa kuupuuza ucheleweshaji huo. Aliyeupanda mlango alitumia jina la Jia Tan na alichangia mradi kuanzia mwaka 2021, kwa adabu na uvumilivu, huku akaunti nyingine zikimlaumu msimamizi aliyekuwa amechoka kwamba anachelewesha kazi na akabidhi madaraka. Akakabidhi. Vipande vya siri vilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na hatua ya kuviamsha iliwekwa kwenye kifurushi cha toleo, nje ya msimbo uliokuwa ukionekana kwenye repo.

Michango ya Jia Tan ilikuja na adabu ileile tuliyoisifia hapa. Kwa hiyo mkaguzi anakagua kitu, hata pale anapompenda aliyekileta: faili lisilosomeka na binadamu lielezwe limetengenezwaje, kifurushi cha toleo kilinganishwe na repo, na idhini ya watu wawili iwe ya lazima kwenye mafaili ya kujengea programu. Na msimamizi anayefanya kazi peke yake, anayesukumwa kila siku kwa maneno, anahitaji watu wa kumtetea. Kosa la kwanza kwenye xz lilitokea kwenye mazungumzo. Lililookoa ni jicho la kiufundi.

Upande wa pili yupo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliyeandika mwaka 2005 Git yenyewe, programu ya kutunza matawi ambayo GitHub imejengwa juu yake, ambaye kipaji chake hakuna anayekibishia. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa barua zake kali kwa wachangiaji wa Linux, akapumzika kwa wiki kadhaa ili atafute msaada wa kuelewa hisia za watu, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Kama mtu wa kiwango hicho aliona bei ya maneno yake imekuwa kubwa mno, sisi wengine hatuna sababu ya kudhani kipaji kitatulipia.

Kwa anayetafuta kazi, na anayeajiri

Viboksi vya kijani kwenye wasifu wa GitHub visimpumbaze mtu. Vinahesabu idadi tu, na komiti ya herufi moja ina haki sawa na ya wiki nzima. Mwaka 2016 GitHub walikiondoa kihesabio cha siku mfululizo, na kwa maoni yetu walifanya vyema. Anayeajiri amwombe mwombaji PR tatu za wazi: aliyoiandika, aliyoikagua, na iliyokataliwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye habari nyingi. Alijibu kila oni? Alipobadili msimamo alitoa sababu? Alipobaki nao alileta namba au alipandisha sauti?

Mwanafunzi anayeanza kujenga wasifu asome kwanza faili la CONTRIBUTING la mradi, lenye kanuni za kuchangia, achague tatizo moja lililoandikwa, aulize kama kuna anayelishughulikia, kisha alete PR ndogo yenye jaribio. Kukimbilia idadi kunaacha alama mbaya. Oktoba 2020, tamasha la Hacktoberfest la kampuni ya DigitalOcean lilikuwa likitoa fulana kwa PR nne. Wasimamizi wa miradi walifurikiwa na PR za kuongeza neno moja kwenye faili la maelezo, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni ndani ya mwezi uleule ili ihesabiwe miradi iliyokubali kushiriki tu. PR za namna hiyo hubaki zikisomeka, na majina ya walioziandika yapo juu yake.

Bei, na njia nyingine

Gerrit, chombo kingine cha ukaguzi kinachotumiwa na mradi wa Android, inakagua komiti moja moja na mkaguzi hupiga kura kuanzia -2 hadi +2. Kwa ukali wa kiufundi inaipita GitHub, lakini namba hasi mbili juu ya kazi ya mtu mpya ni kofi, na haina wepesi wa kumkaribisha. GitLab iko karibu sana na GitHub kwa mambo haya yote.

Kwa repo za wazi, ulinzi wa tawi kwenye GitHub ni bure. Kwa repo za faragha za shirika unahitaji mpango wa Team, dola 4 kwa mtu kwa mwezi; timu ya watu 5 ni dola 20. Ukishalipa, washa kwa mpangilio huu: PR kuwa lazima, idhini 1, idhini ya zamani ifutike komiti mpya ikiingia, majaribio yapite, mijadala yote ifungwe kabla ya kuunganisha. Ukiacha mafaili ya kujengea programu tuliyoyataja, idhini 2 ziwekee repo ya malipo tu, kwa sababu timu ya watu 5 ikidai mbili kila mahali watu wanaanza kuidhinishiana bila kusoma. Kama hamna bajeti, bakini kwenye mpango wa bure na mkubaliane kwa mdomo kwamba hakuna anayesukuma kwenye tawi kuu. Inawezekana, ila usiku wa kutoa toleo mmoja akisahau, hakuna kitakachomzuia.